Kurasa zangu za HTML zinavurugika nikizigeuza kuwa maandishi matupu. Nifanyeje?

*Swali:* "Nina folda yenye kurasa za wavuti karibu mia tisa nilizozihifadhi kwa miaka mingi: makala, maelekezo ya programu, na ripoti zenye majedwali. Nataka kuzigeuza zote kuwa maandishi matupu ili niweze kutafuta maneno kwa grep na kuzisoma hata kwenye kompyuta dhaifu. Nilipewa amri ya sed inayofuta kila kilicho kati ya alama < na >. Ilimaliza kazi kwa sekunde chache, lakini matokeo yananikatisha tamaa. Faili nyingi zimejaa JavaScript. Maneno mengine yameshikana. Neno ng’ombe limekuwa ngâ€™ombe, na naogopa faili zangu zimeharibika. Majedwali hayasomeki, na kurasa kadhaa zimetoka tupu ingawa nakumbuka zilikuwa na habari ndefu. Mwenzangu ananishauri nizipitishe kwenye programu ya akili mnemba izisafishe. Je, hakuna amri moja ya uhakika ya kumaliza kazi hii?"

*Jibu:*

Ndugu msomaji, nianze na hofu yako kubwa: karibu nina hakika faili zako hazijaharibika. Kwa kawaida sed husoma faili na kutoa matokeo pembeni bila kugusa asili. Hatari ipo kama uliandika sed -i, kwa sababu hiyo -i huandika juu ya faili ileile. Ikiwa uliitumia, usiguse folda hiyo tena mpaka upate nakala yako ya akiba. Ikiwa hukuitumia, fanya jambo hili sasa, kabla hujasoma zaidi:

    cp -a kurasa kurasa-asili
    chmod -R a-w kurasa-asili

Mstari wa kwanza unanakili folda nzima pamoja na tarehe za faili. Wa pili unaifunga nakala isiandikwe. Nasisitiza kwa sababu kugeuza HTML kuwa maandishi ni safari isiyo na kurudi. Viungo, ngazi za vichwa na mpangilio wa majedwali vikishapotea kwenye faili ya .txt, hakuna programu itakayovirudisha. Siku utakapogundua kwamba kuna kitu ulikitupa na sasa unakihitaji, HTML ya asili ndiyo itakayokuokoa.

Sasa tuje kwenye sed. Wengi tunauona ukurasa wa HTML kama maandishi yaliyovishwa tagi, kwa hiyo ukizivua tagi yatabaki maandishi. Ukweli ni kwamba tagi ni maelekezo. Moja inasema hapa panaanza aya mpya, nyingine inasema herufi hii ikolezwe, nyingine inasema haya yanayofuata ni ya mashine, mtu asionyeshwe. Ukizifuta zote kwa mkupuo, umefuta maelekezo na kuyaacha yale yaliyokuwa yanaelekezwa, yawe ya kusomwa au la. Tazama kipande hiki:

    <h2>Wakazi</h2><p><b>K</b>ijiji kina shule.</p><!-- <p>Rasimu ya zamani</p> --><script>var n = 4;</script>

Ukikipitisha kwenye `sed 's/<[^>]*>//g'` unapata hiki:

    WakaziKijiji kina shule.Rasimu ya zamani -->var n = 4;

Matatizo yako mawili ya kwanza yote yamo kwenye mstari huo mmoja. Kichwa kimegandana na neno la kwanza la aya, maana kilichokuwa kikivitenganisha ni tagi zenyewe. Msimbo wa JavaScript umebaki, kwa kuwa tagi ya script imeondoka lakini kilichomo ndani yake kimeachwa. Na kuna la tatu ambalo huenda hujaligundua, nalo ndilo linalonisumbua zaidi: ile "Rasimu ya zamani" mwandishi wa ukurasa alikuwa ameificha ndani ya maoni, hakuna msomaji aliyewahi kuiona, na sasa imejichomeka katikati ya maandishi kana kwamba ni sehemu ya makala. Ukija kunukuu kutoka kwenye faili hiyo, utanukuu sentensi ambayo mwandishi aliiondoa.

Wapo watakaokuambia uweke nafasi badala ya kufuta, ili maneno yasishikane. Jaribu uone: "Wakazi" itaachana na "Kijiji", lakini "Kijiji" yenyewe itakuwa "K ijiji", kwa sababu tagi ya kukoleza iko katikati ya neno. Tagi za aya, vichwa na seli za jedwali hutenganisha. Tagi za kukoleza, kulaza herufi na viungo hazitenganishi. Hakuna kanuni moja ya kubadilisha herufi inayoweza kulijua hilo bila kuzijua tagi zenyewe. Isitoshe, sed husoma mstari mmoja mmoja, kwa hiyo tagi iliyofunguliwa mstari huu na kufungwa unaofuata itapita bila kuguswa.

Programu iliyotengenezwa kwa kazi hii hufanya kitu tofauti kabisa. Kwanza husoma ukurasa wote na kujenga mti: hati ina mwili, mwili una sehemu, sehemu ina aya, aya ina maneno na viungo. Kisha hutupa matawi yasiyo ya kusomwa, kama script, style na maoni. Alama kama `&amp;` na `&eacute;` huzigeuza kuwa herufi halisi, na nafasi nyingi zinazofuatana huzifanya kuwa moja, isipokuwa ndani ya pre ambamo kila nafasi ina maana yake. Baada ya hapo ndipo huupanga mti ule kwenye mistari ya upana fulani. Kwa maneno mengine, inafanya kazi ya kivinjari, ila badala ya kuchora kwenye skrini inaandika kwenye faili.

Wala huu si ujanja wa pembeni. Mwaka 1991, wavuti ulipokuwa bado mchanga pale CERN, Nicola Pellow, aliyekuwa mwanafunzi, aliandika kivinjari cha mistari kilichoonyesha kurasa kama maandishi tu, ili kifanye kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani kilianzisha Lynx, na Lynx bado inatunzwa na kutumika hadi leo. Ndiyo zana ninayokushauri uanze nayo. Kwenye Debian au Ubuntu unaisakinisha kwa `sudo apt install lynx`, kwenye Mac yenye Homebrew kwa `brew install lynx`, na kwenye Windows njia rahisi ni kupitia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Kisha jaribu ukurasa mmoja:

    lynx -stdin -dump -nolist -width=1000 -assume_charset=UTF-8 -display_charset=UTF-8 < ukurasa.html > ukurasa.txt

Chaguo -dump linaiambia Lynx itoe ukurasa kama maandishi na kuondoka. Chaguo -nolist linaizuia kupanga orodha ya viungo vyote mwishoni. Ukivihitaji viungo, liondoe, nayo itavipa namba ndani ya maandishi na kuorodhesha anwani zake chini. Nimetumia -stdin badala ya kutaja jina la faili kwa sababu kurasa zilizohifadhiwa mara nyingi huwa na alama ya # au ya kuuliza kwenye majina yake, na Lynx inaweza kuzichukulia kuwa sehemu ya anwani ya wavuti.

Kuhusu -width nitakaa kidogo, maana hapa watu wanaotafuta kwa grep hukwama bila kujua. Usipotaja upana, Lynx huvunja mistari kwenye safu ya 80. Kwa kusoma ni vizuri. Kwa grep ni mtego: grep hutafuta ndani ya mstari mmoja, kwa hiyo ukitafuta "haki za binadamu" na mstari ukawa umevunjika baada ya "haki za", utaambiwa hakuna, na utaamini hakuna. Upana wa 1000 hupunguza tatizo hilo sana. Ukitaka liishe kabisa, pandoc, programu ya kugeuza hati kutoka muundo mmoja hadi mwingine, inaweza kuiacha kila aya kwenye mstari wake mmoja:

    pandoc -f html -t plain --wrap=none -o ukurasa.txt ukurasa.html

Wakati wa kusoma, unaweza kuvunja mistari upya kwa `fold -s -w 80 ukurasa.txt | less`. Kuvunja mistari baadaye ni rahisi. Kuunganisha iliyovunjwa ni kubahatisha.

Tuje kwenye ngâ€™ombe. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, yaani baiti, na usimbaji ndio unaosema namba ipi ni herufi ipi. Ile ritifaa iliyopinda ndani ya ng’ombe, kwa usimbaji wa UTF-8, huandikwa kwa baiti tatu: E2, 80 na 99. Programu ikidhani faili iko kwenye Windows-1252, usimbaji wa zamani ambao kila baiti ni herufi moja, itasoma E2 kuwa â, 80 kuwa €, na 99 kuwa ™. Ndizo hizo tatu ulizoziona. Baiti zako ni zilezile na ziko sawa. Aliyezisoma ndiye aliyekosea. Ukiona Â imejitokeza mbele ya nafasi, sababu ni hiyohiyo, safari hii ikiwa ni ile nafasi isiyovunjika ambayo HTML huiandika `&nbsp;`.

Kwa nini programu ikosee, wakati kivinjari kilionyesha sawasawa? Kwa sababu seva, inapotuma ukurasa, mara nyingi hutaja usimbaji kwenye vichwa vya majibu yake, nje ya ukurasa wenyewe. Ukihifadhi ukurasa kwa curl, amri ya kupakua faili za wavuti, unahifadhi mwili tu, vile vichwa vinapotea. Kama ndani ya HTML hamna tagi ya meta inayotaja charset, programu inabaki kukisia. Ndiyo maana kwenye amri ya Lynx nimeweka -assume_charset=UTF-8: inasema, ukurasa usipojitaja, chukulia ni UTF-8. Kujua faili ipi si UTF-8, tumia iconv, amri ya kugeuza usimbaji, kama kipimo:

    for f in kurasa/*.html; do iconv -f UTF-8 -t UTF-8 "$f" > /dev/null 2>&1 || echo "$f"; done

UTF-8 ina mpangilio mkali wa baiti, hivyo faili ya usimbaji mwingine yenye herufi zisizo za Kiingereza ni nadra sana kupita mtihani huu kwa bahati. Majina yatakayoorodheshwa yaweke kwenye folda yake. Mengi yatakuwa Windows-1252, hata yale yanayojitangaza ISO-8859-1. Vivinjari vyenyewe huyasoma hayo kama Windows-1252.

Hapa kuna kosa linalojificha. Mtu hugeuza faili kwa `iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8`, kisha anaipeleka kwenye Lynx, na herufi zinaharibika upya. Sababu ni kwamba ile tagi ya meta ndani ya ukurasa bado inasema windows-1252, na Lynx inaitii. Ukitumia Lynx, usiigeuze faili. Iache ilivyo, na kama haijitaji, badilisha -assume_charset iwe windows-1252. Ukitumia pandoc, geuza kwanza kwa iconv, kwa kuwa pandoc inatarajia kupewa UTF-8.

Na hata herufi zikitoka sawa, kuna jambo linalowahusu sana wanaotafuta kwa Kiswahili. Ritifaa ya kibodi yako ni iliyonyooka, ng'ombe. Kurasa nyingi zina iliyopinda, ng’ombe. Kwa macho ni neno moja, kwa grep ni maneno mawili, na ukitafuta moja hutaliona lingine. Ama utafute kwa nukta, `grep "ng.ombe"`, kwa kuwa nukta hukubali herufi yoyote moja, ama unyooshe ritifaa zote kwenye faili za .txt:

    sed "s/’/'/g" ukurasa.txt > ukurasa-safi.txt

Hapa sed inafaa, kwa sababu unabadilisha herufi moja kwa nyingine na hakuna muundo wa kuelewa. Nafasi isiyovunjika nayo huleta usumbufu wa aina hiyo: pandoc huiacha kama ilivyo, na "haki za" yenye nafasi hiyo katikati haitapatikana na grep ya nafasi ya kawaida.

Kurasa zilizotoka tupu ni suala jingine, na kubadilisha zana huenda kusisaidie. Chukua neno ulilo na hakika lilikuwemo, kisha uendeshe `grep -c 'neno' ukurasa.html` kwenye faili ya asili. Ukipata 0, huenda neno halipo kwenye HTML uliyoihifadhi. Tovuti nyingi hutuma ganda tu, lenye kitu kama `<div id="root"></div>` na JavaScript; maandishi hupakuliwa na kuchorwa baadaye na kivinjari. Lynx, w3m (kivinjari kingine cha maandishi) na pandoc haziendeshi JavaScript, na curl pia haiiendeshi. Kama ukurasa bado uko hewani, mwachie kivinjari kamili auchore kwanza bila dirisha, kisha ahifadhi mti uliokamilika:

    chromium --headless --dump-dom 'https://example.org/ukurasa' > ukurasa.html

Faili hiyo sasa unaweza kuipeleka kwenye Lynx kama nyingine. Kama ukurasa haupo tena, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive. Na ukipata namba kubwa kuliko 0 kwenye kipimo cha grep, angalia neno liko wapi: likiwa ndani ya script, habari ipo lakini imefungwa kama data, na kuitoa kunahitaji kuandika programu fupi.

Majedwali nayasemea kwa kifupi. Kwa kusomwa na macho, w3m huyapanga vizuri kuliko Lynx: `w3m -dump -cols 150 -T text/html -I UTF-8 -O UTF-8 ukurasa.html`. Usiipe upana wa 1000, maana jedwali lililoelekezwa kujaza ukurasa mzima litatawanywa hadi huko. Pandoc nayo, ikikutana na jedwali lenye seli zilizounganishwa, baadhi ya matoleo yake huliacha na kuweka neno [TABLE] mahali pake, jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Lakini kama namba za ripoti zako ni za kukokotoa, maandishi matupu si mahali pake kabisa. Zitoe kwenye HTML moja kwa moja ziwe CSV; katika Python, `pandas.read_html` hukusomea kila jedwali lililomo kwenye ukurasa.

Bado kuna jambo ambalo Lynx haitakufanyia, na ni haki ulijue mapema. Itakupa ukurasa wote: menyu, orodha ya "soma pia", maelezo ya vidakuzi, hata vipande ambavyo mwandishi alivificha kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, kwa kuwa haisomi CSS. Kwa utafutaji hilo linaudhi. Neno lililo kwenye menyu ya tovuti litaonekana kwenye kila faili ya tovuti hiyo. Kwa makala zako ningetumia trafilatura, programu ya Python inayojaribu kutambua kiini cha ukurasa na kuacha mapambo ya pembeni:

    trafilatura --input-dir makala/ --output-dir maandishi/

Inafanya kazi vizuri kwa makala za habari na insha. Ila kumbuka inakisia, na ikikosea haikuambii. Inaweza kuacha maelezo ya picha, kisanduku cha pembeni au aya fupi ya mwanzo. Kwa hiyo pima hasara zako: Lynx hukuletea ziada, trafilatura huweza kukupunguzia. Mtu anayesoma atapendelea ya pili; mtu ambaye hawezi kukubali sentensi moja ipotee atavumilia ya kwanza. Utasikia pia kuhusu html2text. Tahadhari tu kwamba kuna programu mbili tofauti zenye jina hilo: moja ya C++ inayotoa maandishi, nyingine ya Python, iliyoanzishwa na Aaron Swartz, inayotoa Markdown. Chaguo zake hazifanani, na amri uliyonakili kwa moja inaweza kukataliwa na nyingine.

Ushauri wa mwenzako kuhusu akili mnemba siukubali kwa kazi hii. Programu hizo huandika maandishi upya neno kwa neno, na zinaweza kuruka sentensi, kurekebisha tahajia usiyotaka irekebishwe, au kulainisha kauli, nawe huna njia ya kugundua bila kulinganisha faili mia tisa kwa macho. Lynx ukiipa faili ileile mara elfu, itakupa matokeo yaleyale mara elfu. Kwa kumbukumbu unazotaka kuziamini, hiyo ni sifa kubwa. Kumwomba msaidizi wa aina hiyo akueleze amri isiyokuelea ni jambo jingine, halina ubaya, mradi uijaribu kwenye nakala.

Kwa hiyo amri moja ya kila kitu hakuna, ila si lazima iwe kazi ya kuchosha. Ningekuwa mimi, ningezigawa kurasa kwenye folda tatu: makala kwa trafilatura, ripoti zenye majedwali kwa w3m, na maelekezo ya programu kwa pandoc, tena pengine kwa `-t gfm-raw_html` badala ya plain, ili vichwa na vipande vya msimbo vibaki na alama zake. Kama kuzigawa kunakushinda, zipitishe zote kwenye Lynx. Utapata kitu cha kutafutia leo, na uboreshaji utafuata:

    mkdir -p maandishi
    for f in kurasa/*.html; do
      lynx -stdin -dump -nolist -width=1000 -assume_charset=UTF-8 -display_charset=UTF-8 < "$f" > "maandishi/$(basename "$f" .html).txt"
    done

Alama za nukuu kuzunguka "$f" usiziache. Bila hizo, jina la faili lenye nafasi litavunja amri. Kazi ikiisha, usiamini mpaka ukague. `wc -w maandishi/*.txt | sort -n | head` itakuonyesha faili zenye maneno machache zaidi, na humo ndimo zimo kurasa za ganda. `grep -l 'â€' maandishi/*.txt` itataja zenye usimbaji uliosomwa vibaya. Kisha chagua faili chache bila mpango, fungua kila moja sambamba na HTML yake kwenye kivinjari, na usome aya ya kwanza, ya katikati na ya mwisho.

Kuna hali ambazo ningependa uache kusoma maelekezo na umtafute mtu akae nawe mbele ya kompyuta. Ikiwa uliendesha sed -i na huna nakala ya akiba, mwone mtaalamu wa kurejesha data kabla hujaandika chochote zaidi kwenye diski hiyo. Ikiwa baadhi ya kurasa ni ushahidi wa kesi au kumbukumbu rasmi za ofisi, zungumza kwanza na wakili au mtunza kumbukumbu, kwa sababu faili ya .txt haibebi mwonekano wala uthibitisho wa ukurasa wa asili. Na ikiwa zimo kurasa ulizohifadhi ukiwa umeingia kwenye akaunti, za benki, hospitali au barua, zitenge kabla ya kuendesha kitanzi hicho: taarifa zilizokuwa zimetawanyika ndani ya HTML zitageuka kuwa faili ndogo ambazo yeyote mwenye kompyuta hiyo anaweza kuzisaka kwa neno moja.

Ukikwama kwenye ukurasa fulani, niandikie tena, nawe uambatanishe mambo matatu: amri uliyoiendesha kama ilivyo, matokeo ya `file --mime-encoding ukurasa.html`, na matokeo ya `head -n 20 ukurasa.html`. Kwa hayo nitaweza kukuambia kama tatizo liko kwenye usimbaji, kwenye JavaScript, au kwenye zana uliyoichagua.